Saratani ya ovari ikirudi baada ya kemo: namna ya kujua kama seli zimekuwa sugu

Anza na tarehe. Tafuta kwenye faili siku mgonjwa alipowekewa dripu ya mwisho ya karboplatini au sisplatini, uhesabu miezi hadi ugonjwa ulipoonekana tena. Usihesabu kuanzia siku ya upasuaji. Utapata jibu la uongo. Ikiwa ni miezi 6 au zaidi, mara nyingi dawa hizo, ziitwazo za platini, hurudiwa. Chini ya hapo, ugonjwa huchukuliwa kuwa sugu. Uliokua mgonjwa angali kwenye dripu ndio mkaidi kuliko wote.

Halafu CA-125, protini inayopimwa kwenye damu kufuatilia saratani hii. Kikomo cha kawaida ni uniti 35 kwa mililita. Kwa aliyekuwa ameshuka chini ya hapo, inayohesabika kuwa dalili ya ugonjwa kurudi ni 70 au zaidi, mara mbili, vipimo vikipishana angalau wiki moja. Ikipanda peke yake bila dalili, tafadhali msikimbilie dripu: utafiti wa Ulaya uliochapishwa 2010 ulionyesha kwamba kuwahi hivyo hakurefushi maisha.

Kabla ya kuzilaumu seli, kagua dozi. Karboplatini hupimwa kwa nguvu ya figo: jumlisha kiwango cha uchujaji na 25, kisha zidisha kwa 5 au 6, yaani kiwango cha dawa kinacholengwa kwenye damu. Figo zikichuja mililita 75 kwa dakika, 100 mara 5 ni miligramu 500. Dozi iliyopunguzwa, au mizunguko ya wiki 3 iliyocheleweshwa, huacha seli hai ambazo huenda hazikuwa sugu.

Usugu wa kweli una njia kadhaa. Platini huua kwa kuzifunga nyuzi za DNA; seli hupunguza milango inayoipitisha, huinasa kwa glutathioni (kemikali ya kujikinga iliyomo ndani ya seli), au hukarabati DNA. Paklitaxeli, dawa nyingine ya kemo, hutemwa nje na pampu za ukuta wa seli. Njia inayoumiza zaidi ni ya wenye hitilafu ya BRCA, jeni za kukarabati DNA: uvimbe wao hunywea vizuri mwanzoni kwa kuwa hauwezi kujikarabati, kisha badiliko jipya huirekebisha jeni ileile. Hapo platini na olaparibu, kidonge kinachozuia seli kukarabati DNA, hudhoofika pamoja. Basi mweleze daktari kama ugonjwa ulirudi mgonjwa akiwa anameza olaparibu.

Ukithibitika sugu, kwa kawaida hutolewa dawa moja kwa zamu: paklitaxeli ya kila wiki, miligramu 80 kwa mita ya mraba, doksorubisini ya liposomu, topotekani au jemsitabini. Bevasizumabu, dawa inayozuia uvimbe kuota mishipa ya damu, huweza kuongezwa, ila uliza kwanza kama uvimbe umeshika utumbo, kwa sababu dawa hiyo inaweza kuutoboa.