Kupima shamba la samaki mkulima kwenye matumbawe ya Msimbati

Stegastes nigricans, kisamaki cha kahawia, hulima mwani juu ya matawi ya matumbawe yaliyokufa. Hung'oa mwani asioutaka na kuutema nje ya mpaka, na huwafukuza kangaja na pono wanaokuja kula.

Msimbati, mkoani Mtwara, imo ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, kwa hiyo omba kibali kwanza. Nenda wakati wa maji mafu, bahari inapopanda na kushuka kidogo; wakati wa bamvua, inapopanda na kushuka sana, mkondo utakusukuma. Beba miwani ya kuzamia, utepe wa kupimia, kibao cha plastiki, penseli, na risasi sita za mshipi wa kuvulia zilizofungwa kitambaa chekundu.

Elea mita 3 kutoka shambani kwa dakika 5 bila kupima chochote. Ukiharakisha, samaki atajificha au atakushambulia wewe (ndiyo, hata mtu mzima humvamia), na mpaka utakaoandika hautakuwa wa kweli. Kisha kwa dakika 10 tazama anapogeukia kila akishamfukuza mgeni. Hapo ndipo mpaka ulipo: dondosha risasi, nje ya matawi.

Pima urefu na upana, zidisha, kisha zidisha tena kwa 0.785, maana shamba huwa na umbo la yai. Sentimita 120 kwa 80 ni takriban mita ya mraba 0.75.

Kosa la kawaida ni kuhesabu kila penye ukijani. Mwani bila mlinzi si shamba. Madoa meupe pembeni nayo usiyaandike haraka kuwa ugonjwa: samaki huyu hudonoa matumbawe hai ili apanue eneo.