Laini kwanza, nywila baadaye: namna ya kulinda taarifa na fedha zako

Tuseme simu yako imechomolewa mfukoni leo jioni, wakati unagombania daladala Mbagala Rangi Tatu. Simu yenyewe ni hasara inayouma, lakini ina kipimo, kwa kuwa bei yake unaijua. Isiyo na kipimo ni laini iliyomo ndani yake. Laini hiyo imebeba salio lako, imeunganishwa na akaunti ya benki, inapokea namba za uthibitisho za barua pepe na za WhatsApp, na imesajiliwa kwa namba yako ya NIDA pamoja na alama za vidole vyako. Miongozo mingi ya usalama wa mtandaoni huanza na nywila, pengine kwa sababu imeandikwa kwa ajili ya watu ambao fedha zao zinakaa kwenye kompyuta. Za Watanzania walio wengi zinakaa kwenye laini, kwa hiyo nitaanza na laini, na nywila nitazifikia baadaye.

Ifunge laini yenyewe

Watu wengi wameweka alama ya kidole au mchoro kwenye kioo cha simu na kudhani wamemaliza. Mwizi anayeijua kazi yake hahangaiki na kioo: anaichomoa laini, anaipachika kwenye kitochi, na kuanzia hapo kila ujumbe unaotumwa kwa namba yako unamfikia yeye. Kinga ni kuweka namba ya siri kwenye laini, ambayo itadaiwa kila laini inapohamishiwa simu nyingine au simu inapowashwa upya. Ingia kwenye mipangilio ya simu, tafuta sehemu ya usalama, kisha uchague kuifunga laini. Utaulizwa namba ya siri ya kuanzia, ile iliyowekwa na mtandao wako, na kama huijui usibahatishe. Piga 100 uulize kwanza, kwa sababu ukikosea mara 3 laini hujifunga na kudai namba ya PUK, yaani namba ya kuifungulia laini iliyojifunga, yenye tarakimu 8, na ukikosea PUK mara 10 laini hiyo haitafunguka tena. Ukishaingia, ibadilishe namba ya kuanzia na uweke yako.

Jambo la pili ni kujua ni laini ngapi zinazotembea mjini kwa jina lako. Laini ambazo hazikuwa zimesajiliwa kwa alama za vidole zilianza kuzimwa baada ya tarehe 20 Januari 2020, na katika pilikapilika za kipindi kile watu wengi walisajiliwa kando ya barabara, chini ya miavuli ya mawakala. Mchezo wa "bonyeza tena, haijasoma" umeendelea hadi leo: kidole cha kwanza kinasajili laini yako, na cha pili kinasajili laini ambayo hutaiona kamwe, ambayo kesho itatumika kutapeli watu huku mmiliki wake kwenye kumbukumbu akiwa ni wewe. Piga *106#, ufuate maelekezo ya kuangalia namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako, na urudie zoezi hilo kwenye kila mtandao unaoutumia. Ukikuta namba usiyoitambua, nenda duka la mtandao husika ukiwa na kitambulisho, uikane, na uombe ifungwe. Siku ya kusajili laini mpya, wakala akikuambia kidole hakijasoma, mwombe akuonyeshe ujumbe ulioandikwa kwenye kifaa chake kabla hujabonyeza mara ya pili. Atakuona mkorofi, na hilo ni gharama ndogo.

Karatasi nazo zinavuja

Namba ya NIDA ina tarakimu 20, na 8 za mwanzo ni tarehe yako ya kuzaliwa, ikianza na mwaka, kisha mwezi, kisha siku. Kwa hiyo kila unapoacha kopi ya kitambulisho mahali, umeacha pia mwaka wako wa kuzaliwa, na huo ndio mwaka ambao watu wengi wameufanya kuwa namba ya siri ya akaunti yao ya fedha. Kama namba yako ya siri inaanza na 19 au 20, nakuomba usimame hapa ukaibadilishe kabla ya kuendelea kusoma.

Mwaka jana niliingia kwenye stesheneri moja kutoa kopi ya kitambulisho. Kijana wa pale alinipa namba yake ya WhatsApp nimtumie picha, akaifungua kwenye kompyuta ya dukani, na alipokuwa akitafuta mahali pa kuihifadhi niliona folda iliyoandikwa "wateja". Ndani yake vitambulisho vya watu vilikuwa vimejipanga safu kwa safu, na katikati yake kulikuwa na cheti cha kuzaliwa cha mtoto na taarifa ya benki ya mtu mwingine kabisa. Kijana hakuwa na nia mbaya. Hakuwa na desturi ya kufuta, basi. Nilimwomba afute picha yangu mbele yangu kwenye folda, kwenye kapu la takataka la kompyuta na kwenye WhatsApp yake, akafanya hivyo huku akicheka.

Tangu siku hiyo ninafuata utaratibu ufuatao. Nikiweza, ninabeba kitambulisho chenyewe kikatolewe kopi kwenye mashine, badala ya kutuma picha. Kila kopi ninaichora mistari miwili ya mshazari na kuandika kwa kalamu kati ya mistari hiyo shughuli inayohusika na tarehe, kwa mfano "kwa ajili ya mkataba wa kupanga nyumba tu", ili asiyehusika akiipata asiweze kuitumia kwingine kwa urahisi. Nikilazimika kuingia kwenye barua pepe katika kompyuta ya dukani, siondoki kwenye kiti kabla ya kujitoa kwenye akaunti, na nikifika nyumbani ninabadilisha nywila.

Daftari la wakala ni suala hilo hilo. Linakaa wazi mezani, likiwa na majina, namba za simu, viwango na saini, na anayefuata kwenye foleni ana muda wa kutosha wa kusoma. Huwezi kumzuia wakala kuandika muamala, lakini unaweza kumwomba alifunge baada ya kuandika, na unaweza kukataa kutaja namba yako ya simu kwa sauti mbele ya foleni. Namba ya siri wakala haihitaji kwa huduma yoyote. Ninajua wazee wengi humkabidhi simu na kumwambia "nitolee elfu ishirini, namba ya siri ni mwaka wa uhuru", na kuwakemea hakusaidii, kwa kuwa maandishi ni madogo na macho yamechoka. Kinachosaidia ni kukaa na mzee wako nusu saa nyumbani, kumkuzia maandishi kwenye simu, na kumzoeza kutoa fedha mwenyewe kwa kiasi kidogo mara mbili tatu mpaka vidole vikariri njia.

Tapeli huanza na shikamoo

Mama yangu mdogo alipigiwa simu saa nne asubuhi, wakati anachambua mchele. "Shikamoo mama." "Marahaba mwanangu." "Mama, unaongea na huduma kwa wateja, laini yako inafungwa leo saa sita kwa sababu usajili haujakamilika, lakini mimi nitakusaidia tulimalize hapa hapa." Baada ya marahaba, mtu mzima tayari ameshakuwa mama wa anayeongea, na kumkatia simu mtoto aliyeamkia vizuri kunahitaji moyo mgumu. Yule kijana alijua jina lake kamili, jambo ambalo halina ajabu yoyote, kwa kuwa ukianza kumtumia mtu fedha, jina lake hutokea kwenye kioo kabla hujathibitisha. Kisha akamwelekeza abonyeze nyota, nyota, ishirini na moja, nyota, na namba fulani ya simu, amalizie na alama ya reli.

Mama mdogo alinusurika kwa sababu miwani ilikuwa chumbani. Namba aliyokuwa akitajiwa ni amri ya kuhamisha simu zote zinazoingia kwenda kwa mtu mwingine. Tapeli akishazipata, huomba namba ya uthibitisho ya WhatsApp isomwe kwa njia ya simu ya sauti, na akaunti inakuwa yake. Ukihisi umewahi kubonyeza kitu cha aina hiyo, piga *#21# uone kama simu zako zinahamishwa, na upige ##002# kufuta uhamisho wote.

Kanuni ya kumfundisha kila mtu nyumbani ni moja: mtandao wa simu ukikupigia, namba itakayoonekana ni 100. Ikionekana namba ndefu ya kawaida, hata kama mpigaji ana sauti ya redio, mwambie "asante mwanangu, nitapiga mwenyewe 100", kisha ukate. Si utovu wa adabu.

Ujumbe mfupi una michezo yake. "Ile hela itume kwenye namba hii, jina litakuja…" unaujua, na bado unawapata watu, kwa sababu unatumwa kwa maelfu na daima kuna mmoja ambaye mwenye nyumba wake ameahidi kumtumia namba. Ujumbe wa muamala uliokosewa ni hatari zaidi: unapokea maneno yanayofanana na ya mtandao kwamba umepokea 150,000, na dakika moja baadaye mtu analia kwenye simu akiomba umrudishie. Usiamini ujumbe, angalia salio kwa kupiga menyu ya fedha mwenyewe. Hata kama fedha zimeingia kweli, usizirudishe kwa mkono wako, bali mwambie apige 100 muamala urudishwe na mtandao. Ujumbe wa kitapeli utume kwenda 15040, na utakapojibiwa utume namba iliyouleta, ili namba hiyo ishughulikiwe.

Kwenye WhatsApp, ingia kwenye mipangilio, kisha akaunti, kisha uthibitishaji wa hatua mbili, uweke tarakimu 6 ambazo hazifanani na namba yoyote nyingine unayoitumia, na uongeze barua pepe ili usijifungie nje siku ukisahau. Na ndugu akiomba laki mbili kwa maandishi kwenye kundi la familia, mpigie umsikie sauti kabla ya kutuma.

Mikopo inayoomba orodha ya majina yako

Programu za mikopo ya haraka zinastahili kuangaliwa kwa makini zaidi, kwa sababu hapa taarifa unazitoa kwa hiari. Unaipakua, inaomba ruhusa ya kusoma majina kwenye simu, ujumbe na picha, nawe unakubali kwa kuwa shida ni ya leo. Siku ukichelewa kulipa, bosi wako, mchungaji na mwenzi uliyeachana naye wanapokea ujumbe kwamba wewe ni mdaiwa sugu. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza orodha ya programu na majukwaa 69 ya mikopo yaliyokuwa yakifanya kazi bila leseni. Kabla ya kupakua, tafuta jina la mkopeshaji kwenye orodha ya wenye leseni ya Benki Kuu. Kama tayari unayo, nenda kwenye mipangilio, sehemu ya programu, kisha ruhusa, uzime ya majina, ujumbe na picha. Fanya hivyo pia kwa programu za tochi na za michezo, ambazo hazina shughuli yoyote na majina ya ndugu zako. Kufuta programu kunazuia isisome zaidi, lakini ilichokwisha kukichukua kimeshaondoka.

Sheria ipo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na Tume yake ilizinduliwa Aprili 2024. Aliyesambaza taarifa zako bila ridhaa unaweza kumlalamikia kwenye Tume hiyo, na picha za ujumbe uliotumwa kwa watu wako ndizo ushahidi, kwa hiyo waombe wasizifute.

Nywila, kwa ufupi

Nywila ya barua pepe ndiyo ya kwanza, kwa kuwa nyingine zote hurejeshwa kupitia hapo. Iwe ndefu na isitumike mahali pengine popote. Maneno manne ya Kiswahili yasiyohusiana, yakiwa na namba katikati, ni magumu kukisiwa na ni mepesi kukumbuka. Ukiweza, tumia programu ya kuzalisha namba za uthibitisho badala ya kuzipokea kwa ujumbe wa simu. Kuziandika nywila kwenye daftari linalofungiwa kabatini si kosa. Kosa ni kuzipiga picha na kuzihifadhi kwenye simu ile ile.

Ikiwa simu imekwisha kuibwa

Azima simu yenye laini ya mtandao wako, piga 100, uombe laini na akaunti ya fedha vifungwe, kabla ya kwenda polisi na kabla ya kumsaka mwizi. Kisha pigia benki. Kisha ingia kwenye barua pepe kwa kifaa kingine, uondoe simu iliyoibwa kwenye orodha ya vifaa na ubadilishe nywila. Hapo ndipo uende kuchukua ripoti ya upotevu polisi na kurudisha laini dukani kwa alama ya kidole. Kama fedha zimetoka, omba polisi namba ya RB, yaani namba ya taarifa yako kwenye kitabu chao, na uwe na tarehe, saa na namba ya kila muamala.

Utaulizwa pia IMEI ya simu, ile namba ya tarakimu 15 inayotokea ukibonyeza *#06#, ambayo wengi waliifahamu Juni 2016 simu bandia zilipozimwa. Ibonyeze sasa, uinakili kwenye karatasi pamoja na namba ya huduma kwa wateja ya benki yako na namba za simu za watu wawili ambao hujazikariri, na karatasi hiyo uiache nyumbani, isikae kwenye mkoba mmoja na simu.