Janga likipita, utarudije kazini? Maandalizi ya kufanya sasa

Ukitaja majanga, wafanyabiashara wengi hukuonyesha bima. Bima ni muhimu, lakini hulipa baada ya uchunguzi, na wakati huo wateja wameshahamia kwingine. Kazi yangu ni kuandaa biashara kwa siku kama hizo, na ninachosisitiza kuliko yote ni hiki: fanya mazoezi ya kurudi kazini kabla hujalazimika.

Hatua ya 1: Pima muda. Usianze kuorodhesha moto, mafuriko, wizi na wadukuzi, hutamaliza. Andika shughuli zako kuu, kisha jiulize juu ya kila moja: ikisimama, nitavumilia kwa muda gani? Na nikipoteza kumbukumbu zake, ni za siku ngapi ninazoweza kuziandika upya? Kupokea malipo pengine hakuvumilii hata nusu siku, ilhali ripoti ya mwezi inaweza kungoja. Majibu hayo ndiyo yatakayokuonyesha pa kuweka pesa zako.

Hatua ya 2: Tunza nakala 3 za data, kwenye vifaa vya aina 2, na 1 iwe mbali na jengo. Machi 2021 moto uliteketeza kituo cha seva cha OVHcloud, kampuni inayotunza data za wateja, mjini Strasbourg, Ufaransa. Baadhi ya wateja waliokuwa na nakala rudufu walipoteza kila kitu, kwa sababu nakala zenyewe zilikuwa papo hapo. Nakala moja pia ikae bila kuunganishwa na kompyuta yoyote, maana programu za utekaji data, zile ambazo wadukuzi hutumia kufunga mafaili yako ili uwalipe, hufunga hata diski iliyochomekwa.

Hatua ya 3: Jaribu kurejesha. Hapa ndipo wengi hukwama, kwa hiyo usiiruke. Jifanye kompyuta ya kazini imeungua, uchukue nyingine isiyo na kitu chako chochote. Mkalishe mfanyakazi wa kawaida, fundi akae pembeni kimya. Mwambie arudishe daftari la wadeni, alifungue, na akuonyeshe ankara ya mwisho. Tazama saa. Mara utasikia: nenosiri limehifadhiwa kwenye ile kompyuta "iliyoungua". Msimbo wa kuingilia unatumwa kwa simu ya meneja aliyesafiri. Programu inadai namba ya leseni ambayo haijulikani iko wapi. Andika kila kikwazo, kiondoe, kisha rudia. Muda ukizidi ule ulioandika kwenye hatua ya 1, bado hujawa tayari.

Hatua ya 4: Chapisha ukurasa mmoja. Uwe na simu za wafanyakazi, wasambazaji, benki na kampuni ya bima, pamoja na jina la atakayeamua mwenye biashara asipopatikana. Watu wawili wautunze ukurasa huo nyumbani kwao.

Hatua ya 5: Isome bima yako. Ulizia mafuriko, na hasara ya mapato biashara ikifungwa. Mara nyingi havimo hadi uviombe. Piga picha za vifaa na namba zake.

Rudia jaribio la hatua ya 3 kila unapobadilisha programu au anapoondoka mtu anayeijua mifumo yako.