Somo: Kisu cha kukunja kama kifaa cha kazi cha kila siku

Vijana ninaofanya nao kazi ya kubebesha miche ya michungwa (yaani kupandikiza kikonyo cha mti mmoja kwenye shina la mwingine) hapa Muheza wana visu vya kukunja vizuri kuliko changu, na baadhi yao walivinunua kwa bei ambayo mimi nisingethubutu kuitoa. Hata hivyo, kila inapofika saa ya kukata vipande vya nailoni au kufungua gunia la mbolea, wanakuja kuazima changu, kwa sababu changu kina makali na vyao vimekuwa butu tangu wiki ya pili. Kwa hiyo sehemu kubwa ya somo hili itahusu kunoa, na mambo mengine nitayaeleza kwa kadiri yanavyohitajika.

Hatua ya kwanza: kuchagua kisu

Ubapa wa sentimita saba hivi unatosha kukata kamba ya katani, kumenya chungwa, kuchonga vigingi vidogo na kufungua boksi. Ukizidi hapo, kisu kinakuwa kizito mfukoni na kinawatia watu wasiwasi bila sababu.

Jambo la kuamua ni aina ya chuma. Chuma cha kaboni hunoleka upesi na hushika makali mazuri sana, lakini kinataka mtu asiye mvivu, maana ukimenya chungwa kisha ukakikunja bila kukifuta, utakikuta kimefanya madoa meusi yenye rangi ya samawati, na tunda utakalolikata baadaye litakuwa na ladha ya chuma. Kwa anayeishi karibu na bahari, ambako hewa yenyewe ina chumvi, nashauri achukue chuma kisichoshika kutu.

Visu viwili hutajwa sana. Cha kwanza ni kile cha jeshi la Uswisi, ambacho fundi visu Karl Elsener alianza kuwapelekea askari mwaka 1891. Mwaka 1897 alitoa muundo ambao springi zile zile zinashikilia vifaa vya pande zote mbili, na ndiyo maana kisu kile kinabeba bisibisi, kifungua kopo na ubapa bila kuwa kinene kupita kiasi. Cha pili ni Opinel, kilichoanza kutengenezwa Savoie, Ufaransa, mwaka 1890, chenye mpini wa mti na, tangu mwaka 1955, pete ya chuma inayozungushwa ili ubapa usijifunge. Kasoro yake kwetu ni ya majira: masika yakichachamaa mpini hunyonya unyevu na kuvimba, na kisu kinagoma kufunguka.

Hatua ya pili: kujua kinavyojikunja

Visu vingi vya mfukoni havina komeo, bali vina springi ya mgongoni inayouzuia ubapa kwa nguvu ya kiasi tu. Ukikata kwa kuvuta, ubapa unasukumwa upande wa kufunguka na hakuna hatari, lakini ukisukuma kwa ncha, unaualika ujifunge juu ya vidole vyako. Mimi nilijifunza jambo hili nilipotaka kutoboa dumu la lita 20. Ncha ilikwama, kiganja kikaendelea mbele, na kidole cha shahada kikashonwa nyuzi nne. Tangu siku hiyo kutoboa natumia msumari.

Vile vile, ubapa si bisibisi wala mtarimbo wa kubandulia mifuniko ya makopo ya rangi, kwa kuwa ncha ya kisu hukatika kabla haijapinda.

Hatua ya tatu: kunoa

Tafuta kinoo chenye pande mbili, upande mmoja wa kukwaruza na mwingine laini; penye namba za ulaini wa kinoo, 400 na 1000 zinafaa. Kiloweshe maji na ukiweke juu ya kitambaa kilicholowa ili kisiteleze. Asiye na kinoo ageuze kikombe cha kauri juu chini, kwani ile duara ya kitako isiyopakwa rangi ya kung'aa ni kinoo kizuri, na nimewahi kuokoa siku nzima ya kazi kwa kikombe cha chai cha mama ntilie.

Wengi hukosea katika kuulaza ubapa. Chukua karatasi yenye pembe mraba, ikunje ile pembe katikati, kisha ikunje tena katikati. Utabaki na pembe ya nyuzi 22 na nusu, ambayo inatosha kabisa kwa kisu cha mfukoni. Isimamishe pembeni mwa kinoo, uulaze ubapa sambamba nayo, na uizoeshe mikono yako mwinuko huo. Kuushikilia mwinuko mmoja tangu shina la ubapa hadi ncha kuna faida kuliko nguvu zote utakazotumia.

Sasa sukuma ubapa taratibu, makali yakitangulia, kana kwamba unataka kubandua ngozi nyembamba juu ya kinoo. Rudia upande huo huo, kisha simama na upapase upande wa pili kwa kidole gumba, ukikitoa kidole kutoka mgongoni kuelekea nje, kamwe usikipitishe kuyafuata makali. Ukihisi kijiukingo, yaani ukingo mwembamba wa chuma uliopinda, kinachokwaruza kutoka mwanzo hadi mwisho, upande wa kwanza umekwisha. Usipokihisi, bado, hata kama umechoka. Geuza ufanye vivyo hivyo upande wa pili, kisha uhamie upande laini wa kinoo na upunguze mkandamizo kila baada ya mipigo michache, hadi kijiukingo kile kitoweke. Malizia kwa kuuburuta ubapa juu ya mkanda wa ngozi, safari hii mgongo ukitangulia, kama vinyozi wa zamani walivyofanya kwa nyembe zao.

Jaribu kwa nyanya mbivu: kisu kilichonolewa kinaingia kwenye ganda kwa uzito wake wenyewe. Wale wanaojaribu kwa kunyoa vinyweleo vya mkono nawaachia mikono yao.

Hatua ya nne: kubeba na kutunza

Weka kisu mfuko ule ule kila siku, mbali na sarafu na simu. Kikunje kabla ya kupiga hata hatua moja, na ukimpa mtu, mpe kikiwa kimekunjwa. Kwenye bawaba weka tone moja la mafuta ya cherehani, si mafuta ya kupikia, ambayo baada ya muda huganda na kunatisha vumbi. Unapokwenda mahakamani, uwanja wa mpira au uwanja wa ndege, kiache nyumbani. Anayesafiri nacho kwa ndege akiweke kwenye begi la mizigo, si la mkononi.

Maswali ya wanachama

Swali: Shikamoo mwalimu. Je, naweza kukitumia kisu hiki hiki kubebeshea miche?

Jibu: Marahaba. Nakushauri usifanye hivyo. Kisu cha kubebeshea hunolewa upande mmoja tu ili mkato uwe tambarare na kikonyo kikae vizuri kwenye shina, ilhali cha mfukoni hunolewa pande zote mbili. Aidha, vipo vimelea vya michungwa vinavyohamishwa na ubapa kutoka mti hadi mti, na jiki sehemu moja kwa maji sehemu nne huviangamiza vizuri kuliko spiriti. Ila ukishachovya, suuza na ukaushe, kwani jiki inakula chuma.

Swali: Kaka, kuku anaweza kuchinjwa kwa kisu cha kukunja?

Jibu: Anaweza, mradi kiwe kikali kweli, kwani mafundisho ya Kiislamu yanahimiza kisu kinolewe na mnyama apunguziwe mateso. Shida ni baada ya hapo, kwa sababu damu huingia kwenye bawaba, huoza na kuleta kutu. Kioshe kikiwa wazi kwa maji ya vuguvugu na sabuni, ukisugue ndani kwa mswaki mkuukuu, ukianike, kisha ukitie mafuta. Kwa kuwa kazi hiyo ni kubwa, mimi hutumia kisu cha jikoni.

Swali: Ninaishi Leicester, Uingereza. Je, nikitembea nacho mjini nitakuwa nimevunja sheria?

Jibu: Sheria ya huko ya mwaka 1988 inaruhusu kubeba hadharani, bila kulazimika kutoa sababu, kisu cha kukunja kisicho na komeo na chenye makali yasiyozidi inchi 3, yaani sentimita 7.62. Chenye komeo, hata kiwe kifupi namna gani, kinahitaji sababu ya msingi, kama vile kazi, na kusema kwamba ni cha kujilinda hakukubaliki. Hivyo Opinel namba 8 inaingia kwenye katazo hilo mara mbili, kwa pete yake na kwa ubapa wake wa sentimita 8.5.

Swali: Nikijikata shambani, mbali na zahanati, nifanye nini kwanza, baba?

Jibu: Bana jeraha kwa kitambaa safi kwa dakika kumi mfululizo bila kuchungulia, mkono ukiwa juu ya usawa wa moyo. Damu isipokoma, kidole kikifa ganzi au kikashindwa kujikunja, nenda hospitali siku hiyo hiyo, na uulize kuhusu sindano ya pepopunda.

Swali: Ncha ya kisu changu imekatika. Nikitupe?

Jibu: Hapana. Watu wengi huanza kuyasugua makali ili kutafuta ncha mpya, na hapo ndipo wanapokiharibu. Sugua upande wa mgongo, kwenye sehemu ya mwisho karibu na palipokatika, juu ya upande wa kukwaruza wa kinoo, hadi mgongo ukutane na makali. Fanya kwa mkono na maji mengi; jiwe la umeme la gereji hupasha chuma moto, na ukiona sehemu hiyo imegeuka samawati, ujue haitashika makali tena mpaka uisage yote iishe.