Kuchagua Mbao za Nguzo za Pergola Mjini Moshi

Anayejenga pergola uani, yaani kivuli cha nguzo na fito kisichoezekwa, iwe ya kutambazia mpesheni au ya kupumzikia jioni, mara nyingi humwachia fundi uchaguzi wa nguzo, naye fundi huchukua mbao iliyo karibu na yenye bei nafuu. Moshi, ambako mvua za masika huloweka ardhi kuanzia Machi hadi Mei na mchwa hawapumziki hata kiangazi, uchaguzi huo ndio unaoamua umri wa kazi nzima, kwa kuwa nguzo huanza kuoza pale inapoingia ardhini, muda mrefu kabla ya sehemu ya juu kuonyesha dalili yoyote.

Mgrevilea, unaoonekana kila mahali kwenye vihamba vya kahawa, unafaa kwa fito za juu, lakini hauhimili kusimikwa udongoni. Msonobari usio na dawa ni vivyo hivyo. Hata hivyo, msonobari hunywa dawa vizuri ukitiwa kwa mtambo wa shinikizo, na hapo huwa chaguo la busara kwa mwenye fedha ya kadiri. Mwombe muuzaji akate kichwa cha nguzo mbele yako: rangi ya kijani inapaswa kuwa imezama ndani, si kuishia kwenye ganda. Kupaka oili chafu kwa brashi, desturi iliyozoeleka mno, hakuingii ndani, na ufa wa kwanza huwafungulia mchwa mlango. Kichwa kilichokatwa kielekezwe juu na kipakwe dawa upya; vipande vinavyobaki visipelekwe jikoni kuwa kuni, kwani baadhi ya dawa hizo zina aseniki.

Kwa mbao ngumu, mkongo, mninga na mtiki hudumu bila dawa, mradi nguzo iwe ya kiini, yaani mbao ya katikati ya shina. Ile sehemu nyeupe ya pembeni huliwa upesi hata katika mti bora, na mtiki uliovunwa mchanga huwa na weupe mwingi, kwa hiyo jina pekee lisikushawishi kulipa. Mninga una sifa ya kutopindapinda unapokauka. Dai risiti na uulize kibali cha mavuno.

Nguzo ya inchi 4 kwa 4 yatosha pergola ndogo. Itakayobeba boganivilia iliyokomaa ipewe inchi 6 kwa 6. Vyovyote iwavyo, isimamishwe juu ya kiatu cha chuma kilichofungwa kwenye zege, kitako chake kikiwa walau inchi 2 juu ya ardhi, ili maji yapite chini yake bila kutuama.