Somo: Maski wa kwanza Minnesota, uende ziwa gani na saa ngapi

Maski ni samaki wa maji baridi, mrefu mwembamba kama mzia wa pwani, na meno yake yanakata mshipi bila shida. Anapatikana Minnesota, jimbo la kaskazini mwa Marekani, na Wamarekani humwita samaki wa kurusha chambo mara elfu kumi. Msitishike. Wengi wanaorudi mikono mitupu wanarusha vizuri tu, ila wako kwenye ziwa lisilowafaa au wamefika saa isiyo yake. Leo ni mahali na wakati. Habari za chambo na rili (kifaa cha kukunjia mshipi) tutazigusa kidogo sana.

Hatua ya 1: Sheria kwanza

Kwenye maziwa ya ndani ya Minnesota msimu unafunguliwa Jumamosi ya kwanza ya Juni na kufungwa Desemba 1. Ukishatimiza miaka 16, kata leseni. Maji ya mpakani na majimbo jirani yana kanuni zao, kwa hiyo soma kitabu cha kanuni cha mwaka huohuo.

Hatua ya 2: Chagua ziwa lenye samaki wengi, si lenye samaki wakubwa

Hapa ndipo wageni wanapopotea. Wanasikia sifa za Mille Lacs, wanaendesha gari mpaka huko, wanakuta maji ya ekari 130,000 hivi, na maski wake ni wakubwa kweli lakini wachache. Hilo ni ziwa la mtu aliyekwisha kupata wake wa kwanza.

Wewe anza karibu na nyumbani. Kwa anayeishi Minneapolis au St. Paul, maziwa ya Bald Eagle, White Bear na Minnetonka yote yamepandikizwa maski, yaani vifaranga vyake vimemwagwa humo. Mimi ningekupeleka Bald Eagle: ni ekari 1,000 na kidogo, unaweza kuyajua maeneo yake mazuri kwa msimu mmoja. Minnetonka ina ekari 14,000 hivi, ghuba juu ya ghuba, na wikendi mashua za starehe hazikuachii nafasi. Ukiwa mji mwingine, ingia LakeFinder, huduma ya idara ya maliasili ya jimbo (DNR), uone ziwa gani limepandikizwa maski na mwaka gani. Vifaranga wa juzi bado ni wadogo. Tafuta ziwa lililopandikizwa kwa miaka mingi mfululizo.

Ukaribu una faida nyingine: saa nzuri ikifika, uko pale.

Hatua ya 3: Mahali ndani ya ziwa

Kiangazi, tafuta ukingo wa majani ya majini, pale yanapokoma na kina kuanza. Majani yenyewe yawe hai. Ndoana ikinasa jani bichi, livute kwa nguvu: linakatika kwa mlio na linatoka kijani. Yakija ya kahawia yenye utelezi, ondoka hapo. Rasi, miamba iliyozama, na upande unaopigwa na upepo navyo usiviache.

Mahali pa mwisho ni ubavuni mwa mashua. Maski hufuata chambo hadi miguuni pako halafu anasita. Usikitoe majini. Zamisha ncha ya fimbo, chora namba nane kubwa, kona ziwe pana. Fanya hivyo kila unaporusha, hata kama hujaona kitu.

Hatua ya 4: Saa

Kama nina saa tatu tu kwa wiki, nachagua jioni, kuanzia kabla jua halijazama mpaka giza liingie. Wingu zito linaloleta mvua ni bora zaidi, lakini radi ikisikika, toka majini. Fimbo ya kaboni inapitisha umeme. Wavuvi wengi wa maski huangalia pia mwezi unapochomoza na unapozama, na mimi nawaunga mkono.

Ukiona maski amefuata akakataa, weka alama kwenye GPS, mwache apumzike, kisha rudi machweo. Kumrudia unayemjua aliko kuna maana kuliko kuzunguka ziwa zima.

Septemba maji yakianza kupoa ni kipindi kizuri. Baadaye tabaka za maji hujichanganya, na siku kadhaa samaki hawaeleweki. Oktoba wanatulia, vuta chambo polepole.

Maswali ya wanachama

Kijana wa Ujiji: Shikamoo mwalimu. Nitamtofautishaje na paiki?

*Marahaba. Paiki ni samaki wa jamii moja na maski; ana mwili wa giza na madoa meupe. Maski ana mwili mweupe zaidi wenye mistari au madoa ya giza, au hana alama kabisa, na ncha za mkia wake zimechongoka. Ukibaki na shaka, hesabu vitundu chini ya taya: maski ana 6 hadi 9 kila upande, paiki kwa kawaida hazidi 5.*

Mama Zuhura: Sina mashua. Nikae nyumbani?

*Hapana, dada. Tafuta gati la umma lililo karibu na majani au kina, uende jioni za Septemba na Oktoba. Beba wavu wenye mpini mrefu, maana kumwinua kutoka gatini bila wavu ni kumuumiza.*

Baba Neema: Nikimpata, si nile tu?

*Maziwa mengi humo, sheria inataka awe angalau inchi 54, yaani sentimita 137. Wengi hatufiki huko. Hata akifika, samaki mkubwa mla samaki hujikusanyia zebaki mwilini. Kwa mchuzi, vua wolai, samaki mwingine wa maziwa haya.*

Kijana wa Ujiji: Likizo yangu ni mwisho wa Julai tu, joto kali.

*Beba kipimajoto, pima maji kabla ya kurusha. Yakifika nyuzi 80 za Fahrenheit (27 za Selsiasi), mwache maski. Anaogelea vizuri ukimwachia, kisha anakufa baadaye. Siku hiyo vua besi, samaki mwingine wa maziwa haya, au panda kaskazini hadi Ziwa Vermilion ambako maji kwa kawaida yana ubaridi zaidi, ukapime na huko.*