Leaf ya mtumba: usiamini kilomita za kwenye tangazo

Wakuu wa Tabora mnaoagiza magari ya umeme ya Nissan Leaf za mwanzo, zile za betri ya kWh 24 (ndio ukubwa wake): kilomita 200 kwa chaji moja zinazotajwa ni za kipimo cha Japani, cha mwendo wa taratibu. Marekani gari hilohilo, toleo la 2011, lilipewa kama 117, tena betri ikiwa mpya. Kutoka mjini hadi Nzega ni kama 115. Piga hesabu mwenyewe. Na ukikanyaga 100 badala ya 70, upepo unakula chaji kuliko hata kiyoyozi.

Kabla ya kulipa, omba picha ya dashibodi gari likiwa limewashwa. Vile vimistari vidogo vya pembeni kulia, 12 vikiwa kamili, ndivyo vinavyoonyesha uzima wa betri. Vile vikubwa ni chaji ya siku hiyo tu (wauzaji wanavipenda hivyo).

Betri yake haina mfumo wa maji wa kuipoza, na joto letu la Oktoba mnalijua; joto na kukaa imejaa huichosha. Kwa mizunguko ya mjini chaji usiku, ukomee asilimia 80 hivi, mchana egesha chini ya mwembe. Ijaze hadi 100 siku ya safari tu, ukikaribia kuondoka.